KONA YA ELIMU: Kutoka Historia Kwenda Baiolojia

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tulitaka kuandika juu ya daftari za watoto wa darasa la kwanza. Tusameheane, hilo litangoja, kwa sababu mama mmoja alitujia na neno ambalo limetukaa moyoni.

Mama huyu ana binti aliyepata ufadhili wa kusoma chuo kikuu. Binti anasoma Historia, amemaliza mwaka wa kwanza na amefaulu. Sasa ametuma ujumbe kwa simu kwamba anataka kuacha Historia aingie Baiolojia, ili baadaye afanye kazi katika maabara ya hospitali. Mama akatuuliza, "Walimu, mtoto wangu amerogwa ao ni nini? Katika familia yote tumepata nafasi moja tu, na yeye anataka kuichezea?"

Hatukumcheka. Mzazi aliyekaa miaka kambini akingoja barua moja ana haki ya kuogopa.

Lakini tuseme ukweli. Binti huyu hakuanza kuipenda sayansi jana. Wengine wetu tulisoma naye darasa moja. Siku ya kuchagua seksio alikuwa na alama nzuri za hesabu kutupita sisi, na mwalimu mmoja akamwambia wasichana waende Pedagojia, kwamba kemia ni ya wavulana na tena maabara haipo. Sisi pia tuliambiwa maneno ya namna hiyo, tukakubali, tukatoka na diploma ya Pedagojia. Hatuidharau, ndiyo inayotufanya tuwafundishe watoto wenu. Ila kuna usiku tunakaa na kitabu cha kemia na tochi, tunajiuliza.

(Wengine wanachanganyikiwa na jina. Kwetu Congo miaka 4 ya juu ya sekondari inaitwa humanite, hata kwa mwanafunzi wa hesabu na fizikia. Basi usiseme "mimi nilifanya humanite, sayansi hainihusu." Angalia seksio iliyoandikwa kwenye diploma yako.)

Je, inawezekana kubadili? Inawezekana. Mfaransa Louis de Broglie alipata digrii ya Historia mwaka 1910, akageukia fizikia, na mwaka 1929 akapewa Tuzo ya Nobel. Mmarekani Harold Varmus alisoma fasihi ya Kiingereza mpaka akamaliza digrii ya pili mwaka 1962, kisha ndipo akaingia shule ya udaktari. Alipata Nobel mwaka 1989 pamoja na mwenzake kwa utafiti wa jeni zinazohusika na kansa. Sawa, tusidanganyane: de Broglie alizaliwa katika familia ya wakubwa, na kaka yake alikuwa na maabara yake mwenyewe mjini Paris. Baba yake Varmus alikuwa daktari. Hakuna kati yao aliyepanga foleni ya maji bombani. Lakini fizikia na udaktari walijifunza wakiwa watu wazima, baada ya vitabu vya aina nyingine kabisa.

Sasa gharama. Historia unaweza kuanza na vita vya 1914 kabla hujasoma habari za Misri ya kale, utapata shida kidogo, utafika. Sayansi ni ngazi. Bila logarithimu hutaelewa pH, na bila pH utakaa katika somo la kemia ya mwili kama mgeni asiyejua lugha. Kwa hiyo anayetoka Historia mara nyingi huanza tena mwaka wa kwanza. Kujua kusoma kitabu kinene na kuandika vizuri atakwenda navyo. Alama zake nyingi za Historia zitabaki nyuma.

Hebu jipime na jambo hili. Wakati wa Ebola kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, maji ya klorini ya 0.5% yalitumika kwa sakafu na vyombo, na ya 0.05% kwa mikono. Una kikombe 1 cha 0.5%. Utaongeza vikombe vingapi vya maji ili upate ya mikono? Wengi wanajibu 10. Jibu ni 9, kwa sababu kile kikombe cha kwanza nacho kinahesabiwa ndani ya 10. Kama umeliona jambo hili na likakufurahisha, pengine una safari na sayansi. Kama limekuchosha, fikiri tena kabla ya kuhama.

Kuna kosa moja linaloumiza kuliko yote: kuacha masomo kwanza, halafu kuuliza. Binti asikose hata kipindi kimoja cha Historia mpaka chuo kimjibu kwa maandishi kwamba kitivo cha sayansi kinampokea, na mfadhili naye aandike kwamba ataendelea kulipa, pamoja na ule mwaka utakaoongezeka. Maneno ya mdomo hayatoshi, ofisa anaweza kuhamishwa kesho. Na kwa wale wanaoomba vyuo vya Tanzania: vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na kozi za sayansi hudai ufaulu katika masomo ya sayansi yenyewe. Diploma yenye asilimia kubwa ya Pedagojia haijibu swali la kemia.

Tulimweleza mama haya yote. Akauliza, "Kwa hiyo atapoteza mwaka?" Tukamwambia ndiyo, labda mmoja. Alinyamaza muda mrefu, akihesabu kwa vidole, hatujui alikuwa anahesabu nini. Kisha akasema atamwandikia binti aanze kuuliza ofisini kwao, polepole, bila kuacha kitu. Halafu akatugeukia: ana binti mwingine, mdogo, ambaye mwaka huu anachagua seksio. Je, ile hesabu ya klorini tunaweza kumfundisha huyo?

Tumeanza naye Jumamosi iliyopita, saa nane mchana, chini ya banda la shule. Amekuja na rafiki zake wawili. Mwenye ndoo na kikombe aje navyo, sisi tunavyo viwili tu.