Mama, Uliza Ni Dawa Gani

Mu mukutano wa juma lililopita, mama mumoja aliuliza swali lenye lilifanya wengine wamukemee: "Ni kweli muganga anaweza kuua mugonjwa kwa kusudi?" Walimwambia maneno ya namna hiyo inaleta bahati mbaya. Sisi tunaona aliuliza vizuri. Ndiyo, ni mara chache sana, lakini ilitokea. Tutaeleza habari ya muganga mumoja wa Uingereza, zaidi sana juu ya namna alijulikana.

Jina lake lilikuwa Harold Shipman. Alitunza watu mu Hyde, muji mudogo karibu na Manchester. Watu walimupenda. Alifika ku nyumba za wazee, hata bila kuitwa, na wamama wazee walijivunia kuwa na muganga wa namna hiyo. Aliwapiga sindano ya diamorfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, kwa kiasi chenye kinaua. Kisha yeye mwenyewe aliandika karatasi ya kifo: moyo, ao uzee. Aliambia familia kama haina lazima ya kupasua maiti. Nani angebishana na muganga? Uchunguzi wa serikali ulihakikisha watu 215 wenye aliua. Kati yao, 171 walikuwa wanawake.

Sasa muangalie ni nani aliona. Familia moja yenye kazi yake ni kuzika wafu iliona kama wagonjwa wake wengi wanakutwa wamekaa ku kiti, wamevaa vizuri, kama mutu mwenye kungoja mugeni. Binti wa familia ile alizungumuza na muganga mwanamuke wa kabine ya jirani. Kumbe na yeye alikuwa na mashaka, kwa sababu yeye na wenzake waliombwa kila mara kutia sinyatire ku karatasi za kuchoma maiti za wagonjwa wa Shipman. Mu Machi 1998 muganga mumoja wa kabine ile alipeleka habari kwa wakubwa. Polisi walichunguza juujuu. Hata hawakutafuta kujua kama mutu huyu alikwisha kuhukumiwa, na mu 1976 alikuwa amepatikana na kosa la kudanganya kusudi apate dawa ya kulevya. Mu Aprili walifunga faili. Kisha pale, wanawake watatu wengine wakauawa. Hapo ndipo sisi tunasikia uchungu zaidi.

Wa mwisho alikuwa Kathleen Grundy, mama wa miaka 81. Tarehe 24 Juni Shipman alifika kwake, eti kumukamata damu ya kupima. Siku ile wenzake wa chama cha kusaidia wazee walimungoja kwa chakula. Walipoona hafiki, walienda kumutafuta, wakamukuta amekufa. Halafu ikatokea testamenti yenye iliandikwa ovyo, yenye kumuachia Shipman mali yote. Lakini binti ya mama yule alikuwa avoka, na alijua mama yake haandiki hivi. Alienda polisi. Maiti ikafukuliwa, na dawa ikapatikana ndani. Tarehe 31 Januari 2000 tribinali ilimuhukumu Shipman kifungo cha maisha juu ya wanawake 15.

Tunaandika haya na woga kidogo. Hatujasahau Februari 2019, wakati wa Ebola, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo viliposhambuliwa na kuchomwa. Mu Aprili muganga Richard Mouzoko, Mukameruni mwenye alikuja kutusaidia, akauawa kule Butembo. Kwa hiyo mutu asikamate habari ya Hyde na kuipeleka ku soko. Watu wa Hyde wenye waliona hawakupiga kelele mu barabara. Walilinganisha mambo, siku na karatasi.

Wamama wengi wa Hyde walikuwa peke yao mu nyumba. Kwetu mugonjwa analala na mulinzi wake, na hiyo ni bahati. Lakini mara nyingi mulinzi anaangalia chini wakati sindano inafika! Uliza kwa heshima: "Mama muuguzi, hii ni dawa gani? Ni ya kazi gani?" Chunga chupa, andika saa. Muuguzi muzuri hakasiriki. Wengi wao wanakesha juu yetu bila mushahara wa kutosha.

Na kama jambo linarudia-rudia, watu wawili ao watatu waandike majina na siku, waende kwa komite ya afya ya mutaa, kisha kwa muganga mukubwa wa zone ya afya. Wakifunga faili, murudi tena.

Mu mukutano ujao, kila mama alete karatasi ya dawa yenye iko ku nyumba yake. Tutasoma majina pamoja, na wenye hawajui kusoma watakaa karibu na sisi.