Tulinunua magharibi kwa mkopo: Kwa nini risiti ya ardhi haikumaliza maneno

Ukiketi kwenye vibanda vya nyama choma sokoni Kariokor Jumamosi mchana, stori itazunguka kwa mpira, iende kwa siasa, kisha lazima ifike kwa ardhi. Mmoja anachanga na chama kila mwezi kwa ajili ya ploti ya hamsini kwa mia kule Joska. Mwingine amemaliza kulipia ya Kitengela ila hatimiliki bado ni ahadi. Halafu kuna yule anayesema kwao ni Burnt Forest, na ukimuuliza babu yake alitoka wapi anakujibu Murang'a. Hapo meza hunyamaza kidogo.

Hunyamaza kwa sababu kila mtu anajua maneno yanayofuata. Upande mmoja utasema: "Babu alinunua, risiti tunayo." Upande wa pili utajibu: "Alinunua kwa nani? Hapo palikuwa petu." Maneno haya yamekuwa yakirudi karibu kila msimu wa kura tangu mfumo wa vyama vingi uliporejea 1991, na tunapoelekea Agosti 2027 usishangae ukiyasikia tena, safari hii kwenye TikTok.

Vijana wengi huchagua upande kwa kuangalia jina lao la pili. Lakini ukifuata historia polepole utaona kuwa pande zote mbili zinasema kweli. Kasoro iko kwenye ununuzi wenyewe. Jambo lilihusu watu watatu, na waliokaa mezani walikuwa wawili.

Muuzaji, mnunuzi na yule wa tatu

Hatukuwa wa kwanza. Marekani ilikuwa na miaka 27 tu tangu itangaze uhuru ilipofanya mojawapo ya biashara kubwa zaidi za ardhi duniani. Mwaka 1803, serikali ya Rais Thomas Jefferson ilinunua Louisiana kutoka kwa Ufaransa ya Napoleon kwa dola milioni 15. Usifikirie lile jimbo moja la sasa. Hilo lilikuwa eneo la zaidi ya kilomita mraba milioni 2, karibu mara nne ya Kenya nzima, kuanzia mto Mississippi hadi milima ya Rocky. Nchi changa haikuwa na pesa hizo mfukoni. Ilikopa kupitia benki za Ulaya, Barings ya London na Hope ya Amsterdam. Ukubwa wa nchi ukawa karibu maradufu kwa siku moja, na familia zikaanza kusonga magharibi.

Lakini wengi waliokuwa wakiishi kule walikuwa wenyeji wa asili, jamii kama Wasioux na Waosage, na hakuna aliyewauliza lolote. Ufaransa iliuza nchi ambayo kwa sehemu kubwa haikuwahi kuikalia. Risiti ilikuwa halali Paris na Washington; kwa mwenyeji ilikuwa karatasi tu. Mwaka 1830 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji waliokuwa mashariki ya Mississippi na kuwapeleka ng'ambo ya mto, kwenye ardhi iliyotokana na ununuzi uleule. Yule wa tatu hakulipwa stahili yake. Alisukumwa mbele zaidi, na akisukumwa tena kila mlowezi alipofika.

Wakati Naivasha haikuwa Kenya

Hapa kwetu biashara ya kununua nchi ilianza hata kabla jina Kenya halijawa jina la koloni. Mwaka 1895, serikali ya Uingereza ilichukua eneo hili kutoka kwa kampuni ya Imperial British East Africa, iliyokuwa imeishiwa. Bei ilikuwa pauni 250,000, na pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka kwenye fedha za Zanzibar, zile ambazo Ujerumani ilikuwa imemlipa Sultani kwa ajili ya pwani ya Tanganyika. Kwa maneno mengine, pesa za Sultani ndizo zilizotumika kuihamisha pwani yake mwenyewe kutoka mkono mmoja wa Waingereza hadi mwingine.

Nchi hiyo iliyonunuliwa haikufika Kisumu. Hadi 1902, Naivasha na sehemu kubwa ya magharibi hadi ziwani ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, wakubwa wakataka njia yote iwe chini ya utawala mmoja, na mwaka uliofuata mkoa ule ukahamishiwa upande wetu. Mtu alilala Uganda akaamka upande mwingine bila kutoka kitandani.

Reli ilikuwa imekula zaidi ya pauni milioni 5. Ilihitaji mizigo, mizigo ilihitaji mashamba makubwa, na mashamba yakapewa walowezi. Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, kisha wakaondolewa Laikipia kwa mkataba wa 1911. Wanandi walipigana kwa miaka kumi hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa 1905. Wakikuyu walipoteza ardhi Kiambu, na wengi wakaishia kuwa maskwota kwenye mashamba ya wazungu huko Bonde la Ufa. Kwa hiyo kuna Wakikuyu waliozaliwa na kulelewa Molo na Njoro miongo kadhaa kabla ya uhuru, jambo ambalo stori za mitandaoni huliruka.

Jina la mtaa huu

Hapa ndipo Kariokor inapoingia. Jina lenyewe ni Carrier Corps lililopita kwenye ulimi wa Kiswahili, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza iliwakusanya mamia ya maelfu ya Waafrika kubeba mizigo ya jeshi lililokuwa likiwafukuza Wajerumani Tanganyika. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Kambi yao ya Nairobi ndiyo iliyoacha jina hapa.

Vita vilipoisha, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa 1919 wa kuwapa mashamba wanajeshi waliorudi. Mashamba yaligawanywa kwa bahati nasibu, majina yakachomolewa hapa Nairobi. Sehemu ya ardhi iliyotolewa ilikatwa kutoka kwa Wanandi. Waliofaidi ni wazungu. Mbeba mizigo hakuruhusiwa hata kuingiza jina lake, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Walichopata ni sanamu pale Kenyatta Avenue, tunazozipita kila siku tukikimbilia matatu.

Shika jambo hilo vizuri, kwa sababu ndilo linaloamua yaliyofuata: ardhi ambayo Wakenya wangekuja kuinunua miaka ya sitini, wengi waliokuwa wakiiuza waliipata bure au kwa bei ya kutupa.

Ekari milioni moja, kwa deni

Uhuru ulipokaribia, walowezi waliogopa, na London iliogopa fujo. Suluhu ikawa mpango wa makazi wa ekari milioni moja, ulioanza 1962. Pesa zilitoka kwa serikali ya Uingereza, Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Sehemu ilikuwa msaada, kiasi kikubwa kilikuwa mkopo. Mlowezi alilipwa kwa bei ya soko, akapanda meli. Mkulima Mwafrika aliingia shambani akiwa na deni lenye riba. Takriban familia 35,000 zilipata makao kwa njia hiyo.

Bildad Kaggia, aliyekuwa amefungwa pamoja na Jomo Kenyatta kule Kapenguria, alikataa wazo hilo. Hoja yake ilikuwa rahisi: huwezi kununua kilichoibwa kwako. Aliondoka serikalini 1964 na baadaye akajiunga na Jaramogi Oginga Odinga kwenye chama cha KPU. Serikali ilishikilia kuwa mali ya mtu ni mali ya mtu, anayetaka anunue.

Na ukishaamua kuwa ardhi ni ya kununua, umeshaamua pia nani ataipata. Haendi yule mwenye dai zito zaidi. Anaenda mwenye pesa, au anayemjua mwenye pesa. Mashamba mengi makubwa nje ya mpango ule yaliingia mikononi mwa wakubwa wa siasa na biashara yakiwa mazima. Watu wa kawaida wakajiunga na kampuni za kununua mashamba kama Ngwataniro, wakichanga shilingi kwa shilingi. Wengi walikuwa Wakikuyu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, pamoja na maskwota wa zamani wa Bonde la Ufa. Walivuka Nyandarua, wakashuka Naivasha na Nakuru, wakaendelea hadi Uasin Gishu. Hiyo ndiyo safari yetu ya magharibi. Walibeba hata majina: karibu na Eldoret kuna Kiambaa, jina la Kiambaa ya Kiambu.

Hebu jiweke kwenye viatu vya pande zote mbili. Mama aliyeuza mbuzi na kuchanga miaka kumi ana haki ya kuita shamba lile lake. Na mzee Mnandi au Mkipsigis, ambaye baba yake alifukuzwa pale kwa bunduki, alitazama mzungu akiondoka na pesa na jirani mpya akiingia na hati. Yeye hakuonekana kwenye risiti kama muuzaji wala mnunuzi. Mwaka 1969 mbunge Jean-Marie Seroney alitoa Azimio la Nandi Hills, akidai ardhi ile kwa niaba ya Wanandi. Alishtakiwa kwa uchochezi. Dai halikujibiwa, lilinyamazishwa.

Marekani ilimsukuma mtu wake wa tatu hadi akawa mbali na macho. Sisi tulimwacha jirani, ua kwa ua, kwenye kituo kimoja cha kupigia kura. Ndiyo maana mwanasiasa hahitaji bidii nyingi. Mwaka 1991 moto ulianzia shamba la Meteitei huko Nandi na kuenea. Baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Mamia ya maelfu walihama makwao. Kanisa lililochomwa siku ya kwanza ya 2008, likiwa na kina mama na watoto ndani, lilikuwa Kiambaa hiyo ya Eldoret. Waliokufa hawakuwa walioipora ardhi mwanzoni, na waliolipwa miaka ya sitini hawakuwepo kuulizwa.

Bado tunanunua

Unaweza kusema haya ni mambo ya wazee. La, tunayarudia. Likoni, Mombasa, serikali ilinunua shamba la Waitiki la ekari 930 kwa zaidi ya shilingi bilioni moja, na mapema 2016 ikagawa hatimiliki kwa wakazi walioishi pale kama maskwota. Wakazi hao walitakiwa kurejesha pesa kidogo kidogo. Fomula ni ileile ya 1962: mwenye hati analipwa chote, aliyekuwa hana chochote anabaki na deni.

Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Huo ndio mlango aliokosa yule mtu wa tatu. Lakini sheria iliyofuata ilitoa miaka mitano tu ya kupokea malalamishi. Miaka mitano kwa madai ya zaidi ya miaka mia, tena kwa watu ambao wengi hawana karatasi. Vijana tukitaka kitu cha kumbana mgombea nacho 2027, tuanzie hapo: huyu mtu wa tatu atasikizwa wapi, na lini?

Swali hilo liko hata hapa Eastlands. Nyumba za kaunti kwenye mitaa ya zamani zinakaliwa na familia zilizolipa kodi vizazi viwili, vitatu, bila kumiliki hata ukuta. Pangani, hatua chache kutoka Kariokor, nyumba za zamani zilibomolewa kupisha maghorofa. Makato ya asilimia 1.5 ya nyumba nafuu yanatoka kwa payslip zetu. Maghorofa si mabaya. Watu wanahitaji pa kulala. Lakini mkataba ukitiwa sahihi kati ya serikali na mjenzi, uliza mpangaji wa miaka arobaini yuko ukurasa gani. Kama hayuko, hiyo meza ina viti viwili tena.

Na wewe unayechanga ya ploti, usikome kwenye kutafuta jina kwenye Ardhisasa au ofisi ya ardhi. Hiyo itakuonyesha nani ana hati. Haitakuambia nani alitolewa. Panda matatu uende kule, ongea na jirani, ongea na mama wa kibanda, uliza shamba hili lilikuwa la nani kabla ya kampuni kuligawa. Ukisikia kuna kesi au familia iliyofukuzwa, weka pesa zako mfukoni. Mjukuu wako naye atakuja kuketi mezani siku moja, aulizwe kwao ni wapi. Mpe jibu analoweza kulisema kwa sauti.