Kabati la Kale: Lipia Mbao, Usilipie Hadithi

MNUNUZI anayeingia katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mombasa au Lamu kutafuta kabati la vioo huuziwa vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni mbao, vioo, bawaba na kazi ya seremala. Cha pili ni hadithi: kwamba kabati lilitoka Bombay kwa jahazi, lilikaa katika nyumba ya tajiri wa karafuu, na lina miaka mia na hamsini. Mbao hukaguliwa kwa dakika tano, hadithi husikilizwa kwa saa nzima, na bei hupangwa kwa hadithi. Hapo ndipo mtaji mdogo unapopotea.

Hadithi yenyewe ina asili yake. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, vyombo vya kaure kutoka China viliwekwa katika zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vilivyopambwa kwa chokaa. Karne ya 19, biashara kati ya Unguja na Bara Hindi ilipokua, samani za Bombay na Gujarati ziliingia mwambao, na kabati lenye milango ya vioo likashika kazi ya zidaka: kuonyesha sahani, mabirika na bilauri za mwenye nyumba. Mafundi wa mwambao nao wakaunda ya kwao. Kwa hiyo makabati ya kweli yapo. Taabu ni kwamba mbao mpya ikipakwa rangi ya kahawia, ikapigwa vanishi na kufungwa bawaba za shaba, kwa mbali hufanana nayo kabisa.

Aina ya mti peke yake haithibitishi umri. Madalali hupenda kutaja "msaji wa Bombay", lakini msaji umepandwa Tanganyika tangu enzi za Wajerumani, na mashamba ya serikali kama Longuza, wilayani Muheza, na Mtibwa, mkoani Morogoro, yametoa mbao zake kwa miaka mingi. Msaji katika kabati unaonyesha kwamba mbao ni imara. Hausemi kabati liliundwa lini wala wapi.

Ukweli hukaa mgongoni mwa kabati na chini ya droo, mahali ambapo fundi hakutarajia mtu atazame. Mnunuzi na aombe kabati livutwe kutoka ukutani, kisha achomoe droo zote. Pembe za droo zilizokatwa kwa mkono huwa na meno yasiyolingana sawasawa. Ya mashine hulingana yote. Droo iliyotumika miaka mingi huwa imelika upande wa chini, pale inapoteleza, na reli inayoibeba huwa imelika vilevile. Droo iliyolika juu ya reli mpya ni ishara kwamba kabati limeunganishwa kutoka vipande viwili.

Parafujo nazo hutoa ushahidi. Zile zinazofunguliwa kwa bisibisi ya nyota zilianza kuenea duniani miaka ya 1930. Zikikutwa katika bawaba za kabati linalosemekana kuwa la 1880, ama bawaba zimebadilishwa au kabati lote ni la juzi. Mgongo wa plaiwudi usomwe vivyo hivyo. Vioo vya zamani huwa na mawimbi madogo yanayoonekana mtu akisogeza kichwa pole pole. Kioo kilicho sawa kabisa kwa kawaida ni cha baada ya 1959, mwaka ambao kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia yake mpya ya kutengeneza vioo.

Kioo kimoja kipya hakiharibu kabati. Karibu kila kabati lililotumika limewahi kutengenezwa. Lililo muhimu ni matengenezo hayo yatajwe na yapunguzwe katika bei. Vivyo hivyo kwa wadudu: matundu ya zamani ni alama ya umri tu, lakini unga mpya wa mbao sakafuni, chini ya miguu ya kabati, maana yake wadudu wangali kazini. Kabati la namna hiyo likiingizwa ghalani litaambukiza mali nyingine.

Akishamaliza mbao, mnunuzi ageukie karatasi. Hapa sheria humpa silaha ambayo wengi hawaitumii. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika kilichotengenezwa nchini humo au kuingizwa kabla ya 1895, na kukipeleka nje kunahitaji kibali. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imeweka mpaka wake mwaka 1863. Zanzibar ina sheria na mamlaka yake. Kwa hiyo muuzaji wa Lamu au Mombasa anayedai kabati liliingia nchini mwaka 1880 aulizwe swali moja: kibali cha kulisafirisha kitapatikana vipi? Akijibu kwamba halihitaji kibali kwa kuwa si la zamani hivyo, amekwisha kujibu pia suala la bei.

Milango nayo inahitaji tahadhari. Yapo makabati yanayoundwa kwa milango na madirisha ya kale yaliyong'olewa, au kwa mbao za majahazi. Kabati la mbao za jahazi ni bidhaa halali na nzuri, mradi liuzwe kama kabati jipya. Mlango wa nakshi ni jambo jingine, kwani sheria ya Tanzania Bara inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940. Anayenunua kabati lililokatwa kutoka mlango wa namna hiyo amenunua kesi. Zaidi ya hayo, mlango wenyewe ungekuwa na thamani kubwa zaidi kama ungebaki mzima.

Kwa anayefikiria wateja wa ng'ambo, kuna hesabu mbili zaidi. Tangu Januari 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia, ukiwemo mpingo na mti mweusi wa Kihindi uliotumika katika samani za nakshi za Bombay, imo katika orodha za mkataba wa CITES. Kabati zima la mti huo haliendi nje bila hati zake. Pili ni ujazo. Kabati lenye kimo cha mita 2.1, upana mita 1.2 na kina sentimita 50 lina ujazo wa mita 1.26. Likiwekwa ndani ya kreti yenye nafasi ya sentimita 10 kila upande, mzigo unafika mita za ujazo 2.25, na shehena ndogo za melini hutozwa kwa ujazo. Mbao za kreti nazo sharti ziwe zimetibiwa na kugongwa muhuri wa kimataifa.

Je, kabati ni mahali pa kuweka akiba? Tuchukue mfano. Kabati limenunuliwa kwa Sh. 2,000,000. Usafiri ni Sh. 150,000, fundi Sh. 300,000, vioo Sh. 100,000. Jumla ni Sh. 2,550,000. Likiuzwa baada ya miezi 18 kwa Sh. 3,000,000, faida ni Sh. 450,000, yaani chini kidogo ya asilimia 12 kwa mwaka, kabla ya kodi ya duka. Mwekezaji aulize kwanza amana ya benki au hati fungani ya serikali ingempa kiasi gani kwa muda uleule. Akumbuke pia kwamba Uingereza na Marekani bei za samani kubwa za kale za mbao nyeusi zimeshuka sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kuwa vijana wanaoishi katika nyumba ndogo hawazitaki. Umri peke yake haupandishi bei. Mteja ndiye anayeipandisha.

Soko hili litapona siku stakabadhi itakapoandikwa mambo manne: aina ya mti, umri unaodaiwa, sehemu zilizobadilishwa, na mahali kabati lilikotoka. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu kwa kuandika hivyo, na familia inayouza kabati la bibi kwa dalali wa kwanza aliyebisha hodi ingejua ina nini ndani ya nyumba kabla ya kupokea bei ya kuni. Hadi siku hiyo ifike, mnunuzi aombe maneno ya mdomoni yawekwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi. Muuzaji akisita, mnunuzi alipie mbao peke yake, au aage na kuondoka.