Hasimu Mwenye Kiasi: Mchezo wa Hadithi kwa Wanetu Wakati wa Likizo



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili safu yetu ya malezi itazungumzia mchezo. Huenda wapo watakaouliza mchezo unaingiaje katika malezi. Jawabu ni kwamba mtoto hujifunua zaidi anapocheza kuliko anapohubiriwa, na mzazi anayeketi karibu na mchezo wa mwanawe huona mambo ambayo mwalimu wa chuoni na wa skuli hawayaoni.

Likizo ya Agosti iliyopita, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 14 alikuja kukaa nasi, akiwa na daftari lililojaa michoro na hesabu. Akanieleza mchezo alioupata kwa wenzake. Wachezaji huketi pamoja, mmoja wao akawa msimulizi. Huyo hueleza mahali, watu na hatari zilizopo. Kila mmoja wa waliosalia huwa na mhusika wake, na husema mhusika huyo atafanya nini. Kanuni ndizo zinazoamua kama amefaulu au ameshindwa, kisha hadithi huendelea. Hakuna aujuaye mwisho wake, hata msimulizi mwenyewe. Mchezo mashuhuri wa aina hii ulichapishwa Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, na watunzi wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson.

Mambo mawili yalinizuia nisikubali papo hapo. La kwanza ni kwamba ndani ya mchezo ule mna miungu mingi na sihri, na hayo sikutaka yaingie barazani kwangu, hata kwa mzaha. La pili ni dadu. Ipo hadithi sahihi iliyopokewa na Imam Muslim inayokemea vikali mchezo wa nardashiri, ambao huchezwa kwa dadu. Wanazuoni wa Kishafi, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu pwani, hutenganisha mchezo unaotegemea hesabu na fikra, kama sataranji, na ule unaotegemea bahati ya dadu. Anayetaka fatwa kamili na amwulize shekhe wake. Mimi nilichagua njia ya salama: nikamwambia mpwa wangu kwamba tutacheza, lakini bila dadu, bila sihri na bila dau la aina yoyote.

Alinitazama kwa huzuni. "Mama mdogo, bila dadu hautakuwa mchezo." Kumbe inawezekana. Huko huko Marekani, mwaka 1991, Erick Wujcik alitoa mchezo wa namna hii usio na dadu hata moja. Basi tukaketi, mimi na yeye, tukatunga kanuni zetu.

Mizani ya wahusika

Katika mchezo ule wa mwaka 1974, kila mhusika alikuwa na sifa sita: nguvu, akili, busara, ustahimilivu, wepesi na haiba. Kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha, hivyo ikawa kati ya 3 na 18. Kupata 18 ni bahati ya mara moja katika 216. Matokeo yake ni kwamba mchezaji mmoja angeweza kuanza na shujaa wa kila jambo, na jirani yake akaanza na mnyonge wa kila jambo, ilhali wote wawili wameketi meza moja kwa muda wa saa tatu. Katika toleo la mwaka 2014 wachezaji walipewa pia njia nyingine: kila mmoja ana alama 27 za kununulia sifa, na kadiri sifa inavyopanda ndivyo inavyozidi kuwa ghali. Kuipandisha kutoka 12 hadi 13 ni alama moja, lakini kutoka 13 hadi 14 ni alama mbili. Anayetaka kuwa hodari sana wa jambo moja hulipia kwa upungufu wa jambo jingine.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo tunalolijua sote: kwamba Mtume (s.a.w.) alikataa kushuhudia zawadi ambayo mzazi alimpa mtoto mmoja bila ya kuwapa nduguze. Nyumba yenye watoto wanne haistahimili mchezo unaompa mmoja kila kitu.

Kanuni yetu ikawa hii. Kila mhusika ana sifa nne: nguvu, wepesi, maarifa na ulimi. Kila mtoto hupewa alama 10 azigawe apendavyo, lakini sifa yoyote isipungue 1 wala isizidi 4. Mwenye nguvu 4 na wepesi 4 atabakiwa na 1 ya maarifa na 1 ya ulimi. Hakuna njia ya kuwa bora katika yote.

Watoto walilalamika. Mwanangu wa kiume alitaka shujaa asiye na upungufu. Nikamkumbusha Fumo Liyongo, ambaye kila mtoto wa pwani amesimuliwa habari zake. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, hodari wa upinde na bingwa wa mashairi, lakini silaha hazikumdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikimwingia kitovuni. Lau hapangekuwa na sindano ile, leo tungekuwa na sifa zake tu, bila kisa cha kusimulia. Akanyamaza, akaandika 1 mbele ya wepesi.

Kizuizi kinachopimwa

Baada ya wahusika huja vizuizi. Kila kizuizi tulikipa namba na sifa inayohitajika. Lango lililofungwa linataka nguvu 6. Kupita gizani bila ya kusikika kunataka wepesi 5. Kwa kuwa hakuna mwenye sifa inayozidi 4, upungufu hujazwa kwa njia tatu. Kwanza, mwenzake mmoja, na mmoja tu, anaweza kumsaidia na kuongeza 1, bali aeleze anasaidiaje. Pili, jambo walilolivumbua ndani ya hadithi huongeza 1. Tatu, kila mtoto hupewa komwe tatu za bao mwanzoni mwa hadithi, na kila komwe anayoitoa humwongezea 1. Komwe ikishatoka hairudi.

Zingatia hesabu hiyo. Mwenye nguvu 4 anaweza kulivunja lango la 6 peke yake, lakini litamgharimu komwe mbili kati ya tatu, na mbele kuna vizuizi vingine. Akimwita mwenzake, atatoa komwe moja tu. Kanuni haiwaamrishi kushirikiana, ila humfanya anayejitenga alipe zaidi.

Hasimu ndiye mgumu

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe sehemu ngumu ilikuwa bado. Usiku wa kwanza nilitunga hasimu mwenye nguvu kupindukia. Kwa muda wa robo saa wahusika wote walikuwa wameshindwa, na binti yangu mdogo aliingia ndani akilia. Usiku wa pili nikamwonea huruma. Nilimtunga hasimu dhaifu, na kila walipokwama nikaipunguza namba kimyakimya. Walishinda. Binti yangu akaniuliza, "Mama, umetuachia?" Sikuwa na jawabu.

Baada ya hapo tulijifunza mambo manne kuhusu hasimu, nami nayaandika hapa kwa faida ya atakayetaka kujaribu.

Kwanza, hasimu awe na nguvu kuliko mtoto mmoja, lakini asiwazidi wote wakiwa pamoja. Namba yake na itangazwe mbele yao, ili msimulizi asiweze kuipandisha kwa hasira wala kuishusha kwa huruma.

Pili, hasimu aliye peke yake huonewa. Watoto wanne hutenda mambo manne, naye anapata zamu moja. Hata akiwa jabari, ataanguka kabla hajafurukuta. Mpe walinzi wawili, au mruhusu ajibu baada ya zamu ya kila mtoto.

Tatu, awepo mlango zaidi ya mmoja. Turudi kwa Liyongo alipofungwa gerezani. Walinzi walikuwa wakila chakula kizuri alichopelekewa na mamake, hivyo mama akaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi waliudharau mkate, ukamfikia mfungwa. Kisha ikapigwa ngoma ya gungu, na kelele zake zikafunika sauti ya tupa ikikereza minyororo. Nguvu zake peke yake hazikumtoa. Alihitaji hila ya mama, mjakazi Saada aliyebeba mkate, na kishindo cha ngoma. Gereza lile lilikuwa gumu kweli, lakini palikuwa na njia kwa mwenye kufikiri.

Nne, hasimu awe na sababu. Sultani wa Pate alimwinda Liyongo kwa kuuhofia utawala wake. Hasimu mwovu bila sababu anaweza kupigwa tu. Mwenye sababu anaweza pia kusemezwa, na hapo ndipo mwenye ulimi hupata nafasi yake mbele ya mwenye nguvu.

Kisima

Usiku wa tatu nilitunga kisa cha kijiji kilichopatwa na ukame. Visima vyote vimekauka isipokuwa kimoja, nacho kimo ndani ya ua wa tajiri aliyekifunga. Walinzi walitaka wepesi 5, lango nguvu 6, na moyo wa tajiri ulimi 6. Kisha nikatangaza kuwa kushindwa hakutamaliza hadithi. Atakayeshindwa atapoteza siku moja, na maji ya kijiji yatapungua.

Sijasema jambo moja kuhusu binti yangu. Ana umri wa miaka 9 na ana kigugumizi. Skuli hanyooshi mkono. Alipokuwa akigawa alama zake, aliandika ulimi 4, wepesi 3, maarifa 2, nguvu 1. Niliiona karatasi ile nikataka kumshauri abadilishe. Nikaizuia kauli yangu.

Walipowapita walinzi na kulifungua lango, binti yangu alikuwa amekwisha kutoa komwe zake zote tatu. Wakafika kwa tajiri. Kanuni yetu ni kwamba mchezaji aseme maneno ya mhusika wake, na hupimwa maneno aliyoyachagua, si namna yalivyomtoka. Akaanza kusema. Ilichukua muda mrefu. Kakake alitaka kummalizia sentensi, nikamzuia kwa jicho. Badala yake akasema kwamba mhusika wake anasimama karibu naye, ikawa msaada wa 1. Nne na moja ni tano. Tajiri alitaka sita.

Wasomaji wangu, mkono wangu ulikuwa tayari kuifuta ile 6. Ningelifanya hivyo, hakuna ambaye angenilaumu. Lakini namba ilikuwa imetangazwa, na swali la usiku uliopita lilikuwa bado masikioni mwangu. Nikasema, "Tajiri amekataa. Siku moja imepotea."

Hakulia. Aliitazama karatasi yake kwa muda, kisha akauliza, "K-kwa nini anayazuia maji?" Ndilo swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu mwanzo. Usiku wa nne walikwenda kuulizia kwa mzee wa kijiji, wakaelezwa kwamba katika ukame wa zamani tajiri yule alimzika mtoto wake kwa kiu, na tangu hapo anaogopa. Jambo hilo likaongeza 1. Binti yangu akarudi kwa tajiri, akamwambia kwa maneno yake mwenyewe, tena kwa kigugumizi chake kile kile, kwamba watoto wa kijiji nao ni watoto. Nne, na mwenzake, na habari ya mzee: sita. Kisima kikafunguliwa.

Sitadai kwamba kigugumizi kimepona. Kipo. Ninachokiandika ni kwamba alishindwa mbele ya watu, akalala, akaamka akarudi, na aliposhinda alijua hakuachiwa. Hilo nisingeweza kumpa kwa kumwondolea hasimu njiani.

Kwa atakayetaka kuanza: tafuta karatasi, kalamu, na komwe tatu kwa kila mtoto. Keti nao baada ya Isha, muda wa saa moja unatosha. Adhana ikisikika, hadithi husimama. Msimulizi wa kwanza awe mzazi, kisha muwape watoto zamu. Mpwa wangu ameshika zamu hiyo mara mbili sasa, na amegundua kwamba kumpima hasimu kwa haki ni kazi nzito kuliko kupigana naye.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waadilifu baina ya wanetu, na atupe subira ya kuwaacha wajaribu tunapotamani kuwabeba. Amin.

Hadi juma lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.