Usinunue rimoti ya ndege bila risiva yake

GUMZO LA MTAA
Na Zainabu Marjan

Kwenye vibanda vya vifaa chakavu, kuanzia soko la Toi hadi Kawangware hapa Nairobi, rimoti ya ndege ndogo hupangiwa bei kwa uzito wake na kwa jina lililoandikwa usoni. Ikiwa nzito, ina antena ndefu ya kuvuta na imeandikwa Futaba, bei inapanda papo hapo. Kijana wa kwetu Mashimoni, Kibera, aliyeweka akiba ya vibarua anaambiwa, “Chukua kijana wangu, hii ni ya Mjapani, haifi.” Futaba ni kampuni ya Kijapani kweli, na vifaa vyake ni imara. Hata hivyo, mara nyingi rimoti ya namna hiyo haitarusha ndege yake hata siku moja, na inaniuma kuona pesa za jasho zikipotea kwa jambo ambalo lingejulikana kwa kuuliza maswali mawili tu.

Swali la kwanza: risiva iko wapi? Rimoti ni nusu ya mtambo. Nusu ya pili ni kile kijisanduku kidogo kinachokaa ndani ya ndege, kikapokea amri na kuzipeleka kwa mota na kwa servo zinazogeuza mabawa na mkia. Mzungu aliyetupa rimoti yake mara nyingi aliiacha risiva ndani ya ndege, na ndege ikabaki kwake. Sisi tunaletewa kinachong'aa.

Swali la pili: inatumia masafa gani? Antena ya kuvuta inayokaribia urefu wa mita moja inakuonyesha kuwa hiyo ni rimoti ya zamani. Kule Ulaya nyingi zilitumia megahezi 35, na Marekani megahezi 72. Ndani yake huwa na kifaa kidogo chenye ganda la chuma kiitwacho kristali, chenye namba ya chaneli, na risiva lazima iwe na kristali ya namba hiyohiyo. Watu wawili wakiwasha rimoti za chaneli moja kwenye uwanja mmoja, ndege huanguka. Ndiyo maana vilabu vya huko vilikuwa na ubao wa vibanio vya nguo vilivyoandikwa namba: asiye na kibanio cha chaneli yake mkononi haruhusiwi kuwasha. Kisha kampuni ya Spektrum ikaleta DX6 mwaka 2005 na DX7 mwaka 2006, rimoti za gigahezi 2.4 ambazo hujitafutia nafasi zenyewe hewani. Katika miaka michache warushaji wengi walihamia huko, na rimoti za zamani zikaingia kwenye makatoni. Sehemu ya makatoni hayo ndiyo tunayouziwa leo.

Hata ukipata ya gigahezi 2.4, usikimbilie kulipa. Kila kampuni ina lugha yake. Spektrum hutumia DSM2 na DSMX, Futaba ina FASST, FlySky ina AFHDS 2A, na risiva ya mmoja haimsikii mwingine. Ahueni ni rimoti za miaka ya karibuni, kama baadhi ya zile za Radiomaster, zenye moduli inayozungumza lugha nyingi. Ukikutana na hiyo kwa bei ya mtumba, ikague vizuri kisha uichukue. Ukumbuke pia kwamba FlySky FS-i6, ikiwa mpya pamoja na risiva yake, huuzwa ng'ambo kwa dola 50 hivi. Sioni sababu ya mtu kulipia kifaa kikuukuu kisicho na risiva pesa zinazokaribia hizo.

Sasa ifungue rimoti. Toa mfuniko wa betri kwanza, kabla ya kuvutiwa na fimbo na swichi. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye springi, betri ilivuja. Rimoti za zamani nyingi zilitumia betri nane za nikeli na kadimiamu, kila moja volti 1.2, jumla volti 9.6, na zikiachwa miaka kabatini uharibifu wake hutambaa ndani ya waya mweusi wa betri bila kuonekana kwa nje. Mwombe fundi aubambue waya huo kidogo tu. Shaba nzima hung'aa. Iliyoliwa huwa nyeusi, hukatika ukiikunja, na lehemu haishiki. Ukiona weusi huo, jua ugonjwa huenda umefika kwenye bodi. Na betri zenyewe, jamani, zisitupwe kwenye mtaro unaoteremka Nairobi Dam. Kadimiamu ni sumu, na watoto wetu wanacheza kwenye maji yale.

Kama ndani ni safi, unganisha risiva na servo moja, uwashe, kisha usogeze fimbo polepole. Servo inapaswa kuifuata kwa utulivu. Ikitetemeka mahali pamoja, huenda kidhibiti kilicho chini ya fimbo kimechakaa. Uliza kama rimoti ina hali ya kupunguza nguvu kwa ajili ya majaribio. Iweke hivyo, rafiki yako abaki na risiva, nawe utembee hatua 30 huku ukisogeza fimbo; servo iendelee kuifuata. Mwisho, ng'oa panga la mbele la ndege, maana linakata vidole, kisha uzime rimoti ghafla mota ikiwa inazunguka. Mota lazima isimame yenyewe. Isiposimama, siku mawasiliano yatakapokatika ndege itaendelea kwenda hadi impate mtu. Muuzaji asiyekubali ujaribu haya yote, muage kwa heshima uende zako.

Wapo watakaouliza kwa nini nipoteze wino kwa mchezo wa matajiri ilhali Mashimoni tunalia maji na vyoo. Nawajibu kwa mfano wa Zanzibar. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha za ramani za Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifunzwa kuzirusha. Mwaka huohuo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege za Zipline kutoka Muhanga. Hiyo ni kazi yenye mshahara. Mtoto anayejua servo, betri na risiva amekwisha kuanza safari ya kuielekea, na rimoti nzuri ya mtumba ikiunganishwa na kompyuta humfunza kurusha kwenye programu ya mazoezi bila kuvunja kitu.

Nasisitiza kompyuta kwa sababu ya mahali tulipo. Kibera iko jirani kabisa na uwanja wa Wilson, na ndege zenye abiria hupita chini juu ya mabati yetu kutwa nzima zikienda kutua. Usirushe chochote hapa. Tangu mwaka 2020 Kenya ina kanuni za vyombo vinavyoruka bila rubani, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Uliza huko kabla ya kutafuta uwanja.

Lakini KCAA nayo isiishie kukataza. Naiomba, pamoja na kaunti ya Nairobi na vyuo vya ufundi kama P.C. Kinyanjui, wawatengee vijana hawa eneo lililo mbali na njia ya ndege, hata kama ni asubuhi moja kwa wiki, na mwalimu mmoja wa kuwasimamia. Nawe mzazi, mwanao akikuomba pesa za rimoti, andamana naye hadi kibandani, na usitoe hata shilingi kabla ya kuiona servo ikigeuka.