Mrabaha Usiouliza Zebaki

Sheria ya Fedha ya 2024 ilishusha mrabaha wa dhahabu inayouzwa Benki Kuu kutoka asilimia 6 hadi 4, ikafuta na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Lengo ni akiba ya taifa, na akiba sina ugomvi nayo. Kinachonikera ni kwamba punguzo hilo haliulizi dhahabu imepatikanaje. Iliyonaswa kwa zebaki na kuchomwa kwenye jiko la mkaa uani Nyarugusu inapata unafuu uleule na ile isiyoguswa na zebaki kabisa.

Tuliridhia Mkataba wa Minamata, wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Kutoka Geita hadi Kahama, wachimbaji wadogo wamehubiriwa kwamba zebaki huharibu ubongo na figo, humfikia mtoto tumboni, huingia kwenye samaki. Wanajua. Wanarudi mwaloni, wanakooshea dhahabu, na kichupa mfukoni kwa sababu zebaki inawapa pesa siku hiyohiyo.

Wapo wanaoonya kwamba kuipiga marufuku ni kumkaba maskini, na kwamba itapita njia za panya. Sawa, tusiipige marufuku.

Tuiguse mfukoni. Mwaka 2019 serikali iliwafutia wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ikafungua soko la madini Geita, na dhahabu iliyokuwa ikiuzwa gizani ikaanza kuletwa kwenye mizani. Mwaka 2024 ikatumia mbinu hiyohiyo kwa faida ya Benki Kuu. Inajua basi kwamba asilimia chache zina nguvu kuliko semina. Kwa nini likija suala la zebaki tunarudi kwenye mabango? Hasara yake haimo kwenye bei ya gramu: anailipa anayechoma, jirani anayevuta ule mvuke, na mvuvi wa Ziwa Victoria. Hata mchimbaji anapunjwa, maana zebaki huacha dhahabu nyingi kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na mwenye vati la kuchenjulia huja kuivuna kwa sayanaidi. Asilimia 4 iwe ya dhahabu isiyo na zebaki. Nyingine ilipe 6.

Tutaambiwa haikaguliki. Hebu tuheshimiane! Leseni za uchenjuaji hutolewa na Tume ya Madini, na maofisa wake wako sokoni kila siku wakidai mrabaha wa kila gramu. Wanaoweza kuifuatilia gramu moja kutoka duarani, shimoni inakochimbwa, hadi mizani watashindwaje kuona jiko linalofuka mchana kweupe? Kinachotakiwa ni kifungu kimoja, na Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila Juni.