Shule Isiyo na Kengele

Msomaji akaaye Kisumu, au katika vijiji vya pwani ya Ziwa kuanzia Bondo hata Homa Bay, huenda amewahi kukesha katika matanga ambamo mzee mmoja aliketi juu ya kigoda kifupi, akainamia kinubi chake, na umati mzima ukanyamaza ili kumsikiliza. Kinubi hicho ni nyatiti, na mpigaji wake Wajaluo humwita jathum. Wengi humtuza fedha na kumsifu. Wachache hujiuliza mzee yule alisomea wapi.

Alisoma, na tena alisoma kwa taabu. Shule yake ilikuwa boma la mwalimu wake, wala haikuwa na kengele, ubao, daftari wala cheti. Wanafunzi walikuwa mmoja, wawili, labda watatu, na mara nyingi walikuwa jamaa za mwalimu mwenyewe: mwana, au mpwa, au mjukuu ambaye vidole vyake havikutulia. Kijana alilala katika nyumba ya vijana iliyo karibu na lango, akalima pamoja na watu wa boma, akachunga ng'ombe, na jioni, kazi zote zilipokwisha, akaketi karibu na mwalimu. Hakupewa chombo upesi. Alipewa kazi ya kukibeba. Palipokuwa na msiba au karamu katika kijiji cha mbali, yeye ndiye aliyetembea nyuma ya mwalimu na nyatiti begani, na huko alikesha akitazama.

Chombo chenyewe si chepesi kama kionekanavyo. Kina tumbo la mti uliochongwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, na nyuzi nane zilizogawanywa katika makundi mawili ya nne nne. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, ile ile ya mishipi ya wavuvi wetu. Mpigaji hukilaza chombo ubavu, huvaa pete ya chuma katika kidole kikubwa cha mguu na kuigonga kwenye ukingo wa mti, na njuga zilizofungwa mguuni huitikia. Basi mtu mmoja ana kazi nne kwa wakati mmoja: mikono miwili ipigayo nyuzi zisizofanana, mguu ushikao mwendo, na kinywa kiimbacho. Ndiyo sababu mwanafunzi alianza kwa mguu. Aliyeshindwa kushika mwendo wa pete hakuwa na haja ya kugusa uzi.

Lakini ugumu mkubwa hauko katika vidole. Katika ngoma za Wajaluo kuna desturi iitwayo pakruok. Msikilizaji husimama, hutoa sarafu, naye jathum hunyamazisha nyuzi ili mtu yule ajisifu, au amsifu rafiki yake, babaye, au mama wa wanawe. Akimaliza, kinubi huanza tena, na mpigaji hana budi kuyatwaa majina yale na kuyasuka katika wimbo papo hapo, bila kukosea ukoo wala kumtaja aliye hai kama aliyekufa. Maana yake ni kwamba yapasa ajue watu: nani alioa wapi, nani alihama kutoka Alego kwenda Seme, nani ana ugomvi wa shamba na nduguye, ili neno lake lisiwashe moto. Elimu ya namna hiyo hupatikana kwa kukaa na watu na kusikiliza mazungumzo yao usiku baada ya usiku, na ndiyo maana kijana alikaa bomani kwa mwalimu miaka, si miezi.

Shule za misheni zilipofika, kijana huyo alipata njia nyingine. Maseno ilianzishwa mwaka 1906, na katika mwaka huo huo Waadventista walifika Gendia, upande wa kusini wa ghuba. Elimu hiyo ilileta makarani, walimu na waganga, wala hapana mtu mwenye haki awezaye kuidharau. Wanafunzi walifundishwa kuimba kwa sauti nne na kusoma solfa, na kwaya za Nyanza zikapata sifa kubwa. Walakini wamisionari wengi waliona nyatiti pamoja na pombe na matanga ya usiku kucha, wakaitupa yote katika kapu moja. Msomi Mkristo aliambiwa aiache. Jambo la ajabu ni kwamba katika kanisa hilo hilo zilisomwa habari za Mfalme Daudi na kinubi chake, na kinubi hicho ni ndugu wa nyatiti, kama walivyo litungu wa Wabukusu, obokano wa Wakisii na krar wa Waethiopia. Pengine hakukuwa na mtu wa kuwaonyesha.

Matokeo yake yalikuwa kwamba watoto waliokwenda shule hawakukaa kwa mwalimu wa nyatiti, na walioachwa kwake walikuwa wale wasio na karo. Baadhi ya vijana wenye vidole vyepesi waliipata gitaa, wakahamishia kwake yale masikio yao yaliyoyazoea tangu utotoni, na ndivyo benga ilivyozaliwa. Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, aliyefariki katika ajali mjini Kisumu mwaka 2006, alijulikana kotekote kwa muziki huo. Ayub Ogada naye aliichukua nyatiti yenyewe mpaka Ulaya, akatoa sahani yake En Mana Kuoyo mwaka 1993, kisha akarudi kuishi Nyahera, karibu na Kisumu, ambako alifariki mwaka 2019. Watu hawa walionyesha kwamba sauti ile ina soko. Hata hivyo soko halikuwarudisha wanafunzi bomani.

Aliyekwenda bomani ni mtu ambaye hakuna aliyemtazamia. Mwanzoni mwa karne hii binti mmoja Mjapani, Eriko Mukoyama, alifika Alego katika Siaya, kwa mzee Okumu K'Orengo, bingwa wa nyatiti, akaomba kufundishwa. Alikuwa na vizuizi viwili. Alikuwa mgeni asiyejua lugha, na tena alikuwa mwanamke, ilhali mila inasema chombo hiki ni cha wanaume, ijapokuwa jina lake laanza kwa 'nya', ambayo katika Kijaluo mara nyingi huashiria binti. Mzee alikataa. Binti hakuondoka. Alikaa kijijini pasipo umeme wala maji ya bomba, akaishi kama watu wa boma waishivyo, na hatimaye mzee akamfundisha. Leo hujulikana kwa jina la Anyango, na amepiga nyatiti katika nchi nyingi.

Kuna wazee waliochukizwa na habari hiyo, na neno lao lastahili kusikilizwa, kwa maana mila haivunjwi kwa mzaha. Lakini mwenye kulaumu na aulize pia vijana wa Alego walikuwa wapi. Binti yule hakuiba kitu. Alikaa katika kiti kilichokuwa kitupu. Na kama mlango ulifunguliwa kwa binti wa Tokyo, ni vigumu kuona sababu ya kuufunga mbele ya binti wa Ugenya au Karachuonyo. Tayari mwanamuziki Labdi Ommes amejulikana kwa kupiga orutu, zeze la uzi mmoja, ambalo nalo lilihesabiwa kuwa la wanaume.

Shule zetu za leo hazikatai tena nyatiti. Mashindano ya Muziki ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, yana nafasi ya vyombo vya asili, na tangu Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wamekuwa katika sekondari ya juu, ambako sanaa na michezo ni njia mojawapo ya masomo. Ni mambo mema. Shida iko katika muda. Aghalabu mzee huitwa muhula wa pili, mashindano yakikaribia, akafundisha wimbo mmoja wa dakika chache, akapewa nauli na chai, akarudi kwake. Mtoto hupata wimbo ule, na pengine kikombe cha ushindi, lakini ukimsimamisha kwa pakruok na kumpa jina la babu yako, hana la kufanya nalo. Amefundishwa vidole; ukoo hakufundishwa.

Wenzetu wa Zanzibar walijaribu njia ya kati. Mwaka 2001 walianzisha chuo cha muziki cha nchi za jahazi, katika jengo la Forodha ya zamani lililo ukingoni mwa bahari, Mji Mkongwe. Humo taarabu, udi, kanuni na ngoma hufundishwa na mabingwa wenyewe, na wanafunzi hupiga pamoja na walimu wao mbele ya wageni na wenyeji. Chuo ni kidogo, na njia yake haikuwa rahisi: mwaka 2016, na tena mwaka 2019, kilitangaza kwamba karibu kitafungwa kwa kukosa fedha, kwa kuwa ada za wanafunzi hazitoshi na wafadhili huchoka. Kisumu ikitaka chuo cha namna hiyo, na ifanye hesabu ya mishahara kabla ya hesabu ya matofali.

Lakini si lazima kungojea jengo. Boma za walimu zingalipo, ijapokuwa zinapungua kila mzee azikwapo. Mwalimu mkuu aweza kumwita mzee tangu muhula wa kwanza, akamlipa kama alipavyo fundi mwingine yeyote. Na mzazi aliye na mtoto, wa kiume au wa kike, ambaye hugonga meza kwa vidole wakati wa kula, aweza kutumia likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Na aende mwenyewe kwanza kumsalimu mzee na kuzungumza naye habari ya malipo. Kisha mtoto apelekwe akakae huko majuma matatu au manne, achote maji, apalilie pamoja na watu wa boma, na jioni asikilize. Akienda, achukue jembe lake mwenyewe.